“Mama, mimi nitakuwa Willian”



Alhamisi iliyopita, tulipokwisha kuhesabu pesa za likelemba na kufunga kese, mama mmoja wa kikundi chetu aliinua mkono. Ni mama anayeuza sambaza sokoni, na tangu aingie hajachelewa kulipa hata mara moja. Aliomba mkopo wa dola 600. Tukamwuliza ni wa biashara gani. Akanyamaza kidogo, akavuta kikwembe chake begani, kisha akasema: “Ni ya mtoto. Kuna bwana anataka kumpeleka Ulaya kucheza mpira.”

Mtoto mwenyewe ana miaka 15. Wengi wetu tunamjua, kwa sababu havai kitu kingine siku ya Jumapili isipokuwa jezi ya buluu ya Chelsea iliyopauka, namba 22, jina Willian mgongoni. Mama yake aliitoa kwenye nguo za mitumba. Akipita na mpira, wadogo wanamwita Willian, naye anaitika.

Wamama walianza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema: mpe, huenda siku moja atatujengea nyumba sote. Mwingine alisema: hizo ni pesa za kutupa ziwani. Wakaniambia: “Mama wa gazeti, wewe andika kitu kuhusu jambo hili, tutapiga kura juma lijalo.” Haya, nimeandika. Mimi sikuwa najua mengi ya kabumbu. Nilimwuliza papa wa nyumbani, nikawauliza watoto wangu, nikasoma siku tatu usiku kwa simu. Nilitaka kujua huyu Willian ambaye mtoto wetu anabeba jina lake mgongoni alifikaje kule alikofika, na mama yake alikuwa wapi katika safari hiyo.

Kwanza, kazi yake. Willian ni winga. Winga ni yule anayecheza pembeni kabisa, karibu na mstari. Kazi yake ni kukimbia na mpira, kumpita mlinzi, kisha kuwapa wengine wafunge. Akirudi nyuma anasaidia kukaba. Sifa nyingi zinaenda kwa mfungaji, lakini chakula kimetoka kwa winga. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu, kwa maana hiyo kazi wamama tunaijua.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1988 huko Ribeirão Pires, mji ulio karibu na São Paulo, nchini Brazil. Tangu utoto alilelewa kimpira na Corinthians, mojawapo ya timu kubwa za São Paulo. Mwaka 2006, akiwa na miaka 18, alianza kucheza na wakubwa. Mwaka 2007, akiwa na miaka 19, alinunuliwa na Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Shikeni hiyo miaka 19 vizuri, nitairudia.

Donetsk ni mbali na Brazil. Baridi yake ni ya theluji, na lugha yake hakuijua. Lakini timu ile ilikuwa na Wabrazil wengine wengi, na kocha wake, Mircea Lucescu wa Romania, alijua kusema nao kwa Kireno. Willian alikaa pale zaidi ya miaka mitano. Mwaka 2009 walichukua kombe la UEFA mjini Istanbul, wakiishinda Werder Bremen ya Ujerumani 2–1. Januari 2013 akauzwa kwa Anzhi Makhachkala ya Urusi, timu ya tajiri mmoja. Miezi michache tu, tajiri akafunga mfuko, wachezaji wakauzwa kama vitu vya duka linalofungwa. Ndipo Agosti 2013 akafika Uingereza. Alikwisha kupimwa afya na Tottenham, watu wakijua ni mchezaji wao, mara Chelsea wakamchukua kwa kama pauni milioni 30.

Chelsea alikaa miaka saba. Alicheza mechi 339, akafunga magoli 63. Alipata ubingwa wa Uingereza mara mbili, 2015 na 2017, kombe la FA mwaka 2018 na Europa League mwaka 2019. Watoto wenu watawaambia hayo kabla hamjauliza. Mimi nataka kuwaambia yale ambayo watoto hawayasemi.

La kwanza ni penalti. Mwaka 2014 kombe la dunia lilichezwa Brazil kwao. Kwenye mechi na Chile, timu zilikwenda kupiga penalti, nchi nzima ikiangalia. Willian alipiga yake nje. Brazil ilipita, lakini fikirini wale dakika mbili tatu kabla ya kujua mwisho, mtu amesimama katikati ya uwanja na kosa lake. Siku chache baadaye Ujerumani ikawafunga 7–1, naye aliingia uwanjani mechi ikiwa imekwisha kuharibika. Mwaka uliofuata tu, msimu wa 2015–16, Chelsea ilianguka hadi nafasi ya 10, kocha José Mourinho akafukuzwa, na katika taabu ile yote mtu aliyebaki anasimama alikuwa Willian. Mashabiki walimchagua mchezaji bora wa mwaka. Alifunga tena na tena kwa mipira ya adhabu, yaani mpira umewekwa chini, na wewe mwenyewe unatazama goli. Yule aliyekosa penalti hakukimbia kusimama tena mbele ya mpira.

La pili ndilo lililonifanya niweke simu chini na kufuta macho.

Mama yake Willian aliugua uvimbe wa ubongo, ugonjwa wa muda mrefu. Yeye alikuwa London, mama yuko Brazil. Kazi yake ilimpa pesa za madaktari wote, lakini ilimnyima kitu kimoja: kukaa kando ya kitanda. Mwanzo wa Oktoba 2016 alikuwa katika hali nzuri sana ya mchezo. Tarehe 1 alifunga goli kwa Chelsea kule Hull. Tarehe 11 alifunga tena kwa timu ya taifa dhidi ya Venezuela. Na juma lile lile mama yake akafariki.

Akaenda kuzika. Timu ikaendelea bila yeye, kwa sababu mechi hazingojei kilio cha mtu. Nafasi yake alipewa Pedro wa Hispania, na Pedro katika mechi na Manchester United alifunga goli hata dakika moja haijaisha. Chelsea ikashinda 4–0. Walikuwa ndani ya mfululizo wa ushindi, mechi 13 za ligi bila kudondosha pointi. Willian aliporudi, kiti chake kilikuwa kimekaliwa. Hakuna aliyemkosea. Ndivyo kazi ilivyo. Alikaa benchi na msiba wake.

Wamama, nitasema jambo langu hapa. Mama yangu alipokufa nilikuwa safarini kutafuta bidhaa. Simu ilinikuta njiani, na niliporudi walikuwa wamekwisha kumzika. Baada ya siku za kilio nilirudi sokoni, na meza yangu ilikuwa na mwingine. Niliuza chini siku nyingi. Watu walinipita, wengine hawakujua nimefiwa. Kwa hiyo ninajua kidogo ni nini kukaa unangoja zamu yako huku ndani unalia.

Tarehe 3 Desemba mwaka ule, Chelsea ilikwenda kwa Manchester City. Siku tano mbele, ndege iliyobeba timu ya Chapecoense ya Brazil ilikuwa imeanguka Colombia, watu 71 wamekufa, miongoni mwao wachezaji kama yeye. Willian aliingia kutoka benchi, akafunga goli la pili, wakashinda 3–1. Hakuruka wala kucheza. Alionyesha kitambaa cheusi kilichokuwa mkononi mwake. Kijana aliyezika mama yake majuma machache nyuma, sasa analilia wana wa mama wengine.

Aprili 2017 aliwafunga Tottenham magoli mawili katika nusu fainali ya kombe la FA. Mwezi wa Mei wakawa mabingwa. Na goli lililoleta ubingwa ule, kule West Brom, lilifungwa na Michy Batshuayi, mzaliwa wa Brussels, lakini damu yake ni ya Kongo hii yetu. Hilo papa wa nyumbani aliniomba nisilisahau.

La tatu ni la pesa. Mwaka 2020 mkataba wake na Chelsea uliisha. Yeye alitaka miaka mitatu, wao walimpa miwili. Arsenal wakampa mitatu, akaenda. Hapo mambo hayakumwendea. Mechi 37, goli moja. Alikuwa na miaka miwili ya kulipwa mbele yake, mshahara mkubwa sana. Angeweza kukaa tu, ale. Agosti 2021 alikubali mkataba uvunjwe, akaziacha pesa zile, akarudi Corinthians kwao nyumbani.

Tungefikiri nyumbani kulikuwa na amani. Walimpokea kwa furaha, lakini timu iliposhindwa, watu walianza kumtukana kwenye simu, na si yeye tu. Walitishia jamaa yake, mkewe na watoto. Agosti 2022 akaondoka. Umaarufu wenyewe una mlango wa nyuma, na mlango huo unafunguka kwenye nyumba ya mke na watoto.

Kisha Fulham ya London ikamchukua, akiwa na miaka 34. Wengi walisema amezeeka. Januari 2023 aliifunga Chelsea, timu yake ya zamani, naye hakushangilia, kwa heshima. Fulham, waliotoka daraja la chini mwaka ule, walimaliza nafasi ya 10. Mwaka 2025 alirudi Brazil, safari hii kwa Grêmio ya Porto Alegre.

Sasa nirudi kwa dola 600.

Niliwaambia mshike miaka 19. Willian hakuondoka Brazil akiwa na miaka 15. Aliondoka akiwa mtu mzima, amekwisha kucheza na wakubwa, na timu moja ililipa timu nyingine. Hakuna mahali katika habari yake yote ambapo mama yake alikwenda kukopa ili mtoto anunuliwe. Na sheria ya FIFA iko wazi: mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusajiliwa na timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake wamehamia huko kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu anayesema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya, peke yake, ajiunge na timu, huyo anaahidi jambo lisilo na mlango.

Pia kuna jambo ambalo wamama wengi hatulijui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa timu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Hata timu ndogo ya kartiye, kama mtoto aliandikishwa kwao kwa karatasi halali, ina haki yake. Ndiyo maana karatasi za mtoto ni mali: cheti cha kuzaliwa chenye umri wa kweli, na leseni ya kuchezea aliyoandikishwa kupitia FECOFA. Bwana akisema tupunguze umri wa mtoto miaka miwili ili apendeze kwa wanunuzi, mwonyesheni njia. Uongo ule siku moja utamfungia mtoto, si bwana yule.

Jumamosi tulikwenda wamama watatu pamoja na mama wa mtoto, tukaonana na huyo bwana. Tulikuwa na maswali yetu yameandikwa. Timu gani? Barua ya timu iko wapi? Wewe una leseni ya wakala kutoka FIFA, ile ya kufanyia mtihani? Mtoto atalala kwa nani, atasoma shule gani? Kwa nini timu inayomtaka hailipi tiketi yenyewe?

Sitasema alikuwa mnyang'anyi, maana sijui moyo wake. Alijibu kwa upole. Alisema kuna mtu wa nchi nyingine anayejua mtu mwingine. Barua haikuwepo. Leseni haikuwepo. Mwishoni alisema tunaweza kuanza na dola 300. Pengine naye amedanganywa na wa mbele yake. Lakini aliyedanganywa akikudanganya, pesa zako zimekwenda vilevile.

Jioni niliomba niongee na mtoto. Nilimweleza yote haya: Corinthians, miaka 19, karatasi. Alinisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Kisha akasema: “Mama, nimesikia. Lakini yeye alikuwa na Corinthians. Mimi nina nini?”

Wamama, sikuwa na jibu la haraka. Alisema kweli. Kule timu kubwa ina viwanja, makocha na madaktari kwa ajili ya watoto. Hapa wanacheza kwenye mawe, mpira umefungwa kwa mifuko na kamba, na kocha wao ni kijana wa kujitolea. Madalali wanapita kwenye tundu hilo. Hawaleti mlango, wanauza matumaini ya mlango, kwa sababu wanajua hatuna. Kumwambia mtoto “usiende” bila kumpa kitu mkononi ni kumwachia dalali mwingine.

Usiku ule hakula, mama yake aliniambia. Alivua jezi akaiweka chini ya godoro. Asubuhi aliivaa tena chini ya shati la shule.

Basi haya ndiyo mawazo yangu, nanyi mtapiga kura. Dola 600 ni jasho la mwezi mzima la wamama 30, kila mmoja dola 5 kwa juma. Mimi nasema bwana yule asipewe hata dola moja. Lakini mama yetu asirudi nyumbani mikono mitupu. Kese imkopeshe kiasi kidogo cha kumaliza minerval ya mtoto mwaka huu, ili asifukuzwe kalasini. Tumsaidie kupata cheti cha kuzaliwa ambacho hajawahi kukichukua. Tumnunulie mtoto viatu vya mpira. Na wamama wawili waende kwa kocha wa kartiye kumwuliza kama watoto wake wameandikishwa, na kama hapana, ni kwa nini. Hayo yote hayafiki hata nusu ya dola 600, na yanabaki hapa hapa, hata kama miguu yake haitamfikisha Uingereza. Wengi haitawafikisha. Ndiyo maana shule isiachwe.

Na neno moja kwa wale ambao watoto wao wamekwisha kwenda mbali, kwa mpira, kwa mashimo ya madini, kwa biashara au kwa masomo. Mtoto anayetuma pesa naye ana siku za kulia ambazo hawezi kusema kwenye simu. Msimpigie kwa ajili ya mahitaji peke yake. Mwulizeni kama amekula, mwulizeni kama amelala. Willian alikuwa na kila kitu, na Oktoba ile alitaka mtu mmoja tu.

Ya kuzungumza katika vikundi juma hili:

1. Katika kartiye yenu, nani amewahi kutoa pesa ili mtoto apelekwe mbali kwa mpira, kwa muziki au kwa kazi? Ilikuwaje?

2. Watoto wangapi wa wamama wa kikundi hawana cheti cha kuzaliwa? Andikeni majina, tuone namna ya kwenda pamoja.

3. Mama akifiwa, kikundi chenu kinamshikia nafasi yake sokoni kwa siku ngapi? Kama hamna kanuni, wekeni.

Hilo la tatu ninaliomba mimi mwenyewe. Tukutane Alhamisi, tuje mapema, na kila mmoja alete kura yake moyoni. Mwenye sambaza ameniambia atakuja na mtoto.